Moto na Maua ya Porini: Wakati Wake ni Upi?

Wako wakulima wanaoamini kwamba moto ni adui wa kila ua la porini. Wako na wengine ambao hutia nyasi zao kiberiti siku yoyote wapatapo nafasi. Wote hukosea, maana maua huponywa au huangamizwa na wakati ambapo moto huwashwa.

Mfano mwema ni uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, ulioinuka zaidi ya meta 2,500 juu ya bahari. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, ambayo miongoni mwake mna aina zipatazo 45 za okidi.

Mvua zikianza mwezi wa Novemba, okidi hizo huchipua, nazo huchanua tangu Desemba hata Aprili. Kisha mbegu hupukutika, majani hunyauka, na uhai wa mmea hurudi katika kiazi kilichofichwa ardhini. Udongo haupitishi joto upesi. Kwa hiyo moto upitao haraka juu ya nyasi hukiacha kiazi salama. Wakati huo wa usingizi ndio wakati wa kuchoma.

Moto wa Juni au Julai hukuta nyasi zingali na unyevu chini, ukawaka kwa upole na kuacha mabaka yasiyoungua. Moto wa Oktoba hukuta kila kitu kimekauka, ukawa mkali. Nao ukichelewa hata machipukizi yametokeza, huyaunguza, na mwaka huo hakuna ua wala mbegu. Hata hivyo, pori lisilochomwa wala kulishwa mifugo kwa miaka mingi husongwa na nyasi nene na vichaka, maua yakakosa mwanga.

Mwenye shamba penginepo asiige miezi ya Kitulo, kwa kuwa mvua hutofautiana. Na aitazame mimea yenyewe: Je, mbegu zimeanguka? Majani yamekauka? Machipukizi hayajatokeza? Ikiwa ndivyo, apate kwanza idhini ya wakuu wa mahali, awaarifu majirani, afyeke njia pana ya kuuzuia moto, na achague siku isiyo na upepo mkali. Achome sehemu moja tu mwaka huu, na sehemu nyingine aibakize, ili nyuki na ndege wapate makao. Wala asiondoke mpaka kaa la mwisho limezimika.