Pampu Iliyoamka Kabla ya Akili Yake



Muhula uliopita pampu ya shule yetu ilifanya kazi usiku kucha bila ya kutumwa na mtu. Tangi likafurika, maji yakaingia stoo, na magunia 2 ya maharage ya bweni yakaharibika. Walioandika programu ya kuiongoza pampu ile ni mimi na wenzangu wawili. Basi naandika nikiwa mkosaji, si mwalimu.

Wengine wasema kosa ni la umeme, kwa kuwa ulikatika usiku ule ukarudi baadaye. Mimi sikubali. Hapa Bujumbura umeme kukatika si ajabu. Kila unaporudi, chipu huwa imesahau yote yaliyokuwamo katika kumbukumbu yake ya muda, ikaanza programu tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo ile mistari ya mwanzo, ya kuviandaa vyombo, kwetu yafaa kutazamwa kuliko yote.

Tazameni lililotokea. Bodi yetu ni Arduino Uno, yenye chipu ATmega328P. Chipu hiyo ianzapo, miguu yake huwa ya kupokea tu, haitoi umeme. Rele yetu nayo ni ya namna ile inayowasha pampu mguu ukiwa na volti sifuri. Sisi tuliugeuza mguu uwe wa kutoa kabla ya kuuandikia thamani ya kuzima. Na kwa kuwa thamani yake ya mwanzo ni sifuri, pampu ikawaka palepale. Mstari uliofuata ulingoja kioo kidogo cha maandishi kijibu. Waya wake ulikuwa umelegea, hakikujibu, na programu ikangoja hadi asubuhi.

Dawa yake ni ndogo. Kwanza iandikwe thamani ya kuzima katika rejista ya PORT, ndipo mguu ugeuzwe kwa rejista ya DDR. Tena kungoja kokote kuwe na kikomo.

Mbona basi hatukuliona kosa? Kwa sababu tulikuwa na faili moja tu la kichwa, lile lenye mwisho wa .h, nasi tulilijaza kama sanduku la mwanafunzi mgeni: namba za miguu, vigeu, hata fanksheni nzima nzima za kuandaa vyombo, zikiitana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema kipi chaanza mbele ya kipi.

Maoni yangu ni haya. Kila chombo kiwe na faili lake la kichwa, nalo litaje tu fanksheni ambazo wengine waweza kuziita. Fanksheni zenyewe zikae katika faili la.c. Namba zote za miguu ziwekwe mahali pamoja. Kisha faili kuu liite maandalizi moja baada ya moja, na chombo chenye hatari kitangulie kuzimwa, ili msomaji aone utaratibu wote kwa mara moja.

Najua wako watakaosema ya kuwa programu ya mistari 200 haihitaji adabu yote hii. Yetu ilikuwa na mistari 200. Waulizeni waliokula ugali mtupu juma lile.