Gari limeshuka Kilindini, barua yake imebaki Japani

Ijumaa moja mwaka uliopita nilikuwa natoka Kilifi kurudi Mombasa na familia yangu, tumetoka arusini. Tulipokaribia Mtwapa, giza limeshaingia na magari yamefuatana, gari likafa nguvu. Halikutoa moshi wala kishindo. Nakanyaga mafuta, haliitiki. Nyuma yangu kuna trela lanimulika. Nikawasha taa za dharura, nikalivuta kando kwa mwendo uliobakia, na alhamdulillahi tukasalimika. Mwanangu mdogo aliuliza, "Baba, gari limechoka?"

Kesho yake nikalipeleka kwa fundi. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, akabonyeza, ile taa ya manjano ya dashibodi ikazimika. "Ishatoka hiyo, bosi." Nikamwuliza kilichoharibika ni nini. "Hakuna kitu, ni kompyuta tu." Nikamlipa shilingi 1,500 nikaenda zangu.

Maneno hayo, "ni kompyuta tu", yamenikaa kichwani tangu siku ile. Nayasikia kila gereji, kutoka Changamwe hadi Malindi. Na naona ndiyo hatari tunayoibeba barabarani bila kuijua.

Mimi nina diploma ya umekanika. Wakati wetu chuoni tulifundishwa kabureta, klachi na plagi. Kitu kikiharibika, jicho lakiona: breki zimelika, mpira umepasuka, oili yavuja. Leo, katika magari mengi tunayoendesha, kanyagio la mafuta halivuti waya tena. Lapeleka ishara kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo iamuayo injini ipewe nguvu kiasi gani. Hata mifuko ya hewa, usukani na sehemu ya breki vinaongozwa na programu. Nayo programu hailiki wala haivuji. Yaweza kukosea saa mbili usiku, ukazima gari na kuliwasha, na asubuhi usione alama yoyote.

Wenye ujuzi waliliona jambo hili mapema. Uingereza, kundi la watengenezaji wa magari, watengenezaji wa vifaa na wahandisi lijulikanalo kama MISRA lilitoa mwongozo wa kuunda programu za magari Novemba 1994. Wakati ule wengi wetu hapa tulikuwa twajua kompyuta kwa kuisikia tu.

Kilichonivutia katika mwongozo ule ni swali lake la msingi. Haukuanza kwa kuuliza programu ina ustadi gani. Uliuliza: ikikosea, dereva ataweza kulidhibiti gari? Makosa yakapangwa madaraja matano. La juu kabisa ni lile ambalo hakuna dereva awezaye kulidhibiti. La chini ni lile ambalo ni kero tu. Redio ikigoma, ni kero. Usukani ukigoma kwenye mteremko, hilo ni jambo jingine. Na kadiri daraja linavyopanda, ndivyo kazi ya kuandika, kukagua na kujaribu programu inavyotakiwa kuwa kali zaidi.

Mwaka 1998 kundi hilo hilo likatoa kanuni za kuandika programu kwa lugha ya C, ambayo hutumika sana ndani ya kompyuta za magari. Lugha ile ina nguvu, lakini yamruhusu mwandishi kufanya mambo ya hatari bila kumzuia. Kanuni zile zikamwekea mipaka. Kwa mfano, kipande cha programu kisijiite chenyewe tena na tena, maana chaweza kumaliza nafasi ya kumbukumbu na kuvuruga kazi nyingine gari likiwa mwendoni. Mwaka 2011 kikaja kiwango cha kimataifa, ISO 26262, chenye ngazi za hatari kuanzia A hadi D. Toleo lake la 2018 likaongeza malori, mabasi na pikipiki.

Kwa nini nguvu zote zimewekwa kabla ya ajali? Kwa sababu baada ya ajali ukweli huwa mgumu kupatikana. Tazameni kesi ya Toyota kule Marekani. Mwaka 2007, katika jimbo la Oklahoma, Camry ya 2005 ilikwenda kasi bila dereva kuweza kuisimamisha, kwa maelezo yake. Abiria mmoja alifariki na dereva akaumia vibaya. Wahandisi wa NASA walikuwa wamechunguza mfumo wa magari hayo na ripoti yao ya 2011 ikasema hawakupata hitilafu ya kielektroniki iwezayo kusababisha mwendo kama ule. Lakini Oktoba 2013 mtaalamu aliyeisoma programu yenyewe aliliambia baraza la mahakama kwamba ilivunja kanuni nyingi za uandishi salama, na kwamba kosa dogo kwenye kumbukumbu lingeweza kuacha mafuta yakiendelea kuingia. Baraza likawapa walalamikaji dola milioni 3, kisha pande mbili zikapatana.

Simhukumu mtu hapa. Nataka muone ugumu wenyewe. Wataalamu wenye maabara na muda wote wa kuchunguza walitofautiana. Seuze fundi wetu wa gereji mwenye mashine ya kufuta taa!

Sasa turudi kwetu. Magari mengi yanayoshuka Kilindini yametumika Japani. Sheria yetu yataka yasizidi miaka 8 na yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Hilo ni jema. Gari langu pia lilikuja na cheti chake cha ukaguzi. Nimekisoma tena baada ya mkasa ule. Breki, taa, matairi, vyote vimetajwa. Juu ya programu, au kama gari liliwahi kuitwa na mtengenezaji lirudishwe kurekebishwa, sikuona hata mstari mmoja.

Na magari huitwa kweli. Februari 2014 Toyota iliita Prius zipatazo milioni 1.9 duniani kwa sababu ya programu iliyoweza kusababisha gari kupoteza nguvu au kusimama. Oktoba 2018 ikaita magari ya haibridi yapatayo milioni 2.4, yaliyotengenezwa kati ya 2008 na 2014. Mengine katika hayo yalikuwa yamesharekebishwa miaka ya nyuma, ikaonekana marekebisho yale hayakutosha. Dawa ilikuwa kuwekewa programu mpya bila malipo. Mtengenezaji kukiri kosa na kulirekebisha ni jambo la kusifiwa, na ndivyo miongozo inavyotaka. Kazi ya usalama haiishi siku gari linapotoka kiwandani.

Lakini barua ya mwito huenda kwa nani? Huenda kwa mwenye gari aliyesajiliwa Japani. Yeye keshaliuza. Gari limepita mnadani, likapanda meli, likashuka Mombasa, likawekwa yadi, likanunuliwa na mwalimu wa Kwale au mwenye duka wa Lamu. Barua haikumfuata. Mnunuzi yuwaendesha gari ambalo aliyelitengeneza amekwisha kusema lina kasoro, naye hana habari. Ule mnyororo wa usalama ulioanza kusukwa mwaka 1994 wakatika hapa hapa bandarini kwetu.

Najua watakaosema kwamba nataka kupandisha bei za magari, na wanunuzi hali zao zajulikana. Hapana. Watengenezaji wakubwa wa Japani wana kurasa za intaneti ambapo waingiza nambari ya chesi na kuambiwa kama gari lina mwito usiotekelezwa. Kuangalia hakuna gharama. Kinachokosekana ni mtu wa kulazimishwa kuangalia.

Kwa hivyo nasema haya. Kwanza, kabla gari kusajiliwa na NTSA, nambari yake ya chesi itafutwe na matokeo yaandikwe, kama linavyoandikwa jina la mwenyewe. Pili, wakala wa kila mtengenezaji hapa nchini wapokee gari lolote lenye mwito wa usalama, hata kama hawakuliuza wao. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi Pwani viwafundishe vijana kusoma mfumo wa gari, si kufuta taa tu. Taa ile ni ushahidi. Kuifuta bila kutafuta sababu ni sawa na mganga kuzima homa asijue ugonjwa.

Nne ni kwa wenye yadi, na wengi wao ni ndugu zetu tunaosali nao safu moja. Katika mafundisho ya dini yetu kuhusu biashara, muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake akainyamazia amedhulumu, na mnunuzi ana hiari ya kuirudisha. Mtaniambia, "Mimi sikujua." Sawa. Lakini ikiwa kujua ni kuingiza nambari ya chesi kwenye simu kwa dakika mbili, je, kutojua huko bado ni udhuru? Hilo nawaachia masheikh zetu, ila moyo wangu haukubali.

Na sisi wanunuzi tusijitoe. Twauliza rangi, twauliza gari limetembea kilomita ngapi, twafungua boneti tukatikisa kichwa kama wataalamu. Hatuulizi kama gari liliwahi kuitwa. Ukienda yadi, chukua nambari ya chesi, rudi nyumbani, mpe kijana mwenye simu akutafutie. Ukurasa wenyewe ukiwa kwa Kijapani, simu hizi hizi zatafsiri. Gari likionekana lina mwito, mwambie muuzaji alirekebishe kwanza ndipo mzungumze bei.

Gari langu bado ninalo, na jina lake silitaji kwa kuwa sina uthibitisho dhidi ya yeyote. Hadi leo sijui kama usiku ule ilikuwa waya, sensa au programu. Kumbukumbu iliyokuwa ndani ya kompyuta, ambayo pengine ingesema, niliilipia shilingi 1,500 ifutwe. Taa ile ya manjano ilirudi mwezi uliopita. Safari hii nimemwambia fundi asiguse chochote mpaka anisomee kilichoandikwa, nami nikiandike.