Wamaya Hawakutoweka

Wako wasafiri watokao Izamal, mji mdogo wa Yucatán katika nchi ya Meksiko, wakiwa na neno moja midomoni: ati Wamaya walitoweka. Neno hili si kweli, na ubaya wake wazidi ule wa kosa la kawaida, kwa maana humnyang'anya aliye hai urithi wake kwa kumhesabu miongoni mwa wafu.

Mji wenyewe uko kilomita zipatazo 70 mashariki ya Mérida. Nyumba zake zimepakwa rangi ya manjano, na katikati yapo makao ya watawa Wafransisko, yenye ua mpana uliozungukwa na matao. Mgeni huusifu ua huo, naye ana haki. Lakini na aulize: mbona makao haya yako juu na mji uko chini, katika nchi iliyo tambarare kama sinia? Jibu li chini ya nyayo zake. Kilima alichokipanda ni jukwaa la hekalu la Kimaya lililoitwa Pap-hol-chac. Wahispania walilivunja, na kwa mawe yake, na kwa jasho la Wamaya wenyewe, wakajenga hata kazi ikatimia mwaka 1561. Upande wa kaskazini piramidi ya Kinich Kakmó ingali imesimama, yapata kimo cha mita zaidi ya 30.

Tarehe 12 Julai 1562, huko Maní, Diego de Landa, mtawa aliyepata kuyaongoza makao hayo ya Izamal, alivichoma hadharani vitabu vya Wamaya, baada ya watu wengi kuteswa ili wakiri kuabudu sanamu. Aliitwa Hispania kujibu mashtaka, akaachiliwa, kisha akarudi akiwa askofu. Leo ana sanamu yake Izamal. (Sijui kejeli ipitayo hiyo.)

Watetezi wake husema kwamba aliandika pia habari za Wamaya, na kwamba orodha yake ya herufi ilimsaidia Yuri Knorozov, mtaalamu wa Kisovieti, alipoanza kuyafumbua maandishi yao mwaka 1952. Nakubali. Lakini je, aliyelitia moto ghala la jirani ashukuriwe kwa punje zilizobaki mfukoni mwake? Vitabu vya Kimaya vya kale vijulikanavyo kuwa vimesalia ni vinne tu, na vitatu kati yake viko Dresden, Paris na Madrid, mbali na wajukuu wa waandishi wake.

Na wajukuu wapo. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 iliwahesabu watu zaidi ya laki saba na nusu wasemao Kimaya cha Yucatán. Wenye kuwaongoza wageni na waanze basi kwa kukitaja kilima kwa jina lake, kabla ya kuyataja matao. Naye msafiri, kabla ya kuandika kwamba taifa limetoweka, na ashuke ngazi, aende sokoni, asikilize watu wanavyopatana bei.