Mheshimiwa Waziri, chupa ya plastiki nayo idaiwe

Kwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira)



Nakuandikia kwa niaba ya vijana wenzangu tunaosafisha fukwe za Dar es Salaam, hasa pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, karibu na Daraja la Salenda. Kazi hufanyika maji yakiwa yamekupwa. Chupa tunazichomoa kwenye mizizi ya mikoko moja moja, nyingi zimejaa tope. Zenye tope mnunuzi hazipokei, kwa hiyo sharti zifunguliwe, zimwagwe, zisuuzwe. Nyeupe zina soko. Za rangi anazichukua kwa shingo upande. Vifuko vya karanga na ubuyu havina mnunuzi kabisa. Mvua ikipiga huko juu Pugu, mahali tulipomaliza jana panajaa upya.

Hatuandiki kuomba glavu wala viroba. Tunaandika kwa sababu katika taka zote hizo kuna kitu ambacho ni nadra kukiokota: chupa ya soda ya glasi. Watu wa Dar wanainywa kila siku, ila ile ina mwenyewe. Ukifika dukani unaulizwa kwanza kama una chupa. Kama huna, unaacha hela ya chupa au unainywea hapo hapo. Mwenye duka naye anadaiwa kreti na wakala, wakala anadaiwa na kiwanda, na gari lililoleta soda ndilo linaloondoka na chupa tupu. Kila mtoto anayetumwa dukani anaujua utaratibu huu.

Viwanda vilipoingia kwenye plastiki, deni hilo likafutwa. Gharama ya kuifuata chupa ikaachiwa manispaa, waokota makopo, na familia za mabondeni. Najua mafuriko ya Jangwani yana sababu nyingi, lakini mtaro ulioziba kwa chupa ni sababu inayoweza kuondolewa.

Na Serikali inaweza kuiondoa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Wengi walisema haitawezekana, lakini rambo zikatoweka mikononi mwa watu. Ni kweli vifungashio vyepesi vimerudi masokoni kubebea nyanya na dagaa, na hilo linadai ukaguzi. Hata hivyo, kanuni ile yenye tarehe yake ilifanya kazi ambayo usafi wetu wa mwisho wa wiki hauwezi kuifanya hata tukiwa maelfu.

Mheshimiwa, kanuni zile zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tunaomba sheria hiyo hiyo itumike kuweka amana kwenye kila chupa ya plastiki ya maji, soda na juisi: mnunuzi aache hata shilingi 100, arudishiwe akirudisha chupa. Ujerumani imekuwa na amana kwa chupa za kutumika mara moja tangu mwaka 2003, na leo ni senti 25 za yuro. Sisi hatuanzi na karatasi tupu, maana wakala, kreti na gari la kurudi vipo tayari.

Tutaambiwa maji yatapanda bei na maskini ataumia. Hela hiyo si kodi, inarudi. Na chupa ya asiyejali kuirudisha, ataiokota mama anayezunguka na kiroba mgongoni, ambaye leo analipwa kwa kilo kwa bei anayoipanga mnunuzi. Yeye ndiye atakayenufaika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tunaomba rasimu ya kanuni hiyo iandaliwe. Na siku wadau watakapoitwa kutoa maoni, wenye viwanda wasikae peke yao mezani: waokota makopo wa Msimbazi na wa dampo la Pugu Kinyamwezi nao waitwe, wasikilizwe.

Wasalaam,
Kijana msafisha fukwe, Dar es Salaam