Sahihi Yako Si ya Soda na Mkate

Watu wangu, leo sina vichekesho. Wale mlizoea kuja hapa kuona video zangu na yule punda wa jirani, rudini kesho. Leo nina hasira, na nimeamua kuandika badala ya kurekodi kwa sababu nikirekodi nitapiga kelele, na mama amelala.

Hasira yangu ni ya karatasi. Ile karatasi ya mahudhurio ambayo huzungushwa baraza likiisha: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Unaijua. Umeitia sahihi. Hata mimi nimeitia.

Mwezi wa tano tuliitwa shule ya msingi hapa kijijini kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Tangazo liliingia kwa group ya WhatsApp ya kijiji jioni, mkutano kesho yake saa nne asubuhi. Na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Wenye hawana simu ya intaneti walipata habari kwa mzee wa kijiji, wengine hawakupata kabisa. Tukafika saa nne. Wageni wakafika saa saba. Walikuwa na nakala moja ya bajeti, nene hivi, ya Kiingereza, na yule afisa alisoma kurasa kama tatu akiwa amesimama chini ya mwembe. Halafu akauliza, "Kuna swali?"

Mama mmoja, mjane, akasimama. Akauliza kuhusu pampu ya kisima chetu. Kile kisima kilizinduliwa kwa densi na hema, tangi likapakwa rangi, mfereji ukatoa maji miezi michache, pampu ya sola ikaharibika na hakuna aliyerudi. Sasa watu wanachimba mchanga wa mto kutafuta maji kama zamani za nyanya zetu, na wenye uwezo wananunua maji ya punda, shilingi 40 mtungi wa lita 20. Mama alieleza vizuri kabisa, bila matusi. Afisa akajibu, "Hilo tumelinoti, mama."

Halafu soda. Halafu mkate nusu. Halafu karatasi. Halafu shilingi 200 za "nauli", ingawa wengi wetu tulikuja kwa miguu.

Wiki jana nilienda ofisi ya wadi kuulizia ile pampu. Kijana mmoja mwungwana akanionyesha ripoti ya mkutano wetu. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Inasema wananchi walishirikishwa na wakakubaliana kwamba kipaumbele chao ni mulika mwizi pale sokoni. Mulika mwizi! Mimi nilikuwa hapo tangu saa nne mpaka soda ya mwisho, na sikusikia mtu hata mmoja akitaja taa. Neno pampu halimo. Kilichomo ni orodha yetu, imeambatanishwa nyuma kama ushahidi. Mimi ni nambari 47. Yule mama aliyeuliza swali ni nambari 12, na badala ya sahihi ameweka kidole gumba.

Nilipomwambia mama yangu, hakushangaa. Aliniuliza tu, "Kwani wewe si uliweka sahihi?"

Hapo ndipo iliniuma. Kwa sababu ni kweli.

Sasa tuelewane. Simlaumu mama nambari 12 kwa kuchukua 200. Hiyo ni mitungi mitano ya maji, na kwao mitano haimalizi siku mbili. Ukimchukua mtu mwenye kiu, umweke juani kuanzia saa nne hadi saa tisa, halafu umpe soda na karatasi pamoja, hapo hujamuuliza maoni. Umemtega. Lawama ni ya anayejua karatasi hiyo inaenda wapi na hasemi. Nauli lipeni, chai pikeni, lakini semeni wazi kwamba jina la mtu kwenye orodha linaonyesha alifika, si kwamba alikubali. Kufika na kukubali ni vitu viwili.

Na kuna mchezo mwingine ambao nimeuelewa juzi tu. Sheria inataka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yanapelekwa kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Sasa hesabu mwenyewe. Mwezi wa tano wanakuita kutoa maoni juu ya miradi ambayo ilianza kuandikwa mwaka uliopita. Unapiga kelele stesheni na gari lishatoka. Wakati wa kusema pampu ni sasa hivi, kabla ya Septemba, wakati hakuna hema wala soda wala mtu wa kukuita.

Kuna watakaoniambia hivi vitu havibadiliki, hata ukiongea ni bure. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, na sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Jaji alisema kushirikisha watu kuwe kwa kweli, kusiwe kutimiza desturi tu, na akataja hadi makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama kama njia za kuwafikia. Sio tangazo la jioni kwa group ya WhatsApp. Sheria nzima ya kaunti ilianguka kwa hilo. Kwa hivyo hao wanaotuzungushia karatasi wanajua vizuri kwa nini wanaihitaji: wakishtakiwa, karatasi ndiyo ngao yao. Na hiyo ngao tunawachongea sisi, kwa peni tuliyoazimwa.

Ninachotaka ni kidogo sana. Baraza lijalo, usitie sahihi kabla ya kuona ukurasa wenye jina la kijiji chetu na pesa zilizoandikwa hapo. Wakikataa kuuonyesha, kunywa soda yako, shukuru, nenda nyumbani. Ukitia sahihi, andika kando ya jina lako ulichosema: PAMPU. Hata kwa herufi mbaya. Halafu piga picha ya karatasi kabla haijaondoka. Vijana wa simu, hiyo ni kazi yetu, si ya wazee.

Na nyinyi mlio Nairobi na Mombasa, ambao kila wiki mnaandika kwenye hiyo group "kijiji yetu imelala", nawapenda lakini mnanichosha. Mlikuwa na siku ngapi za likizo mwaka huu? Mmoja wenu angekuja siku ile akaisoma ile nakala ya Kiingereza kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, hata hiyo mulika mwizi isingepita hivyo.

Najua pia kuna mtu tayari ameshaandika kwamba nimetumwa na mpinzani wa mheshimiwa kwa sababu ya 2027. Bana, angekuwa amenituma ningekuwa na pikipiki. Huyo mpinzani mwenyewe alikuwa kwenye baraza, amekaa kiti cha mbele. Ni nambari 3.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba rekodi kutoka ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kama hujui kuandika, afisa anapaswa kukuandikia. Kupeleka ombi hakulipiwi, na wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, kuna ofisi ya Ombudsman ya kulalamikia. Jumatatu nimepeleka barua yangu, ya Kiswahili, ukurasa mmoja. Nimeomba vitu viwili: kumbukumbu kamili za mkutano wa mwezi wa tano, na rekodi za malipo ya kisima chetu, pamoja na dhamana ya pampu ikiwa ipo. Nimegongewa muhuri kwenye nakala yangu na iko hapa chini ya mto.

Leo ni siku ya nne. Wakijibu nitaweka jibu hapa, lote, hata kama linaniaibisha. Wasipojibu, siku ya 22 nitaweka picha ya muhuri, na mama nambari 12 amesema tutaenda pamoja.