Meza ya Ziada Baharini: Nani Amlipaye Mhudumu?



Huenda mtashangaa kuona Tume ya Haki na Amani ikiyaweka kando kwa muda mambo ya mashamba, maji na mahakama, na kuwaandikieni habari za chakula cha jioni ndani ya meli ya kitalii. Wengi wetu meli hizo twaziona kwa mbali tu, zikiingia Kilindini kama mtaa wa maghorofa unaotembea juu ya maji. Jioni tukitazama tena, zimekwisha kuondoka. Lakini ndani yake wamo watoto wetu. Wamo wanaoosha sahani, wanaotandika vitanda, na wanaosimama mlangoni mwa mkahawa wakitabasamu kwa saa nyingi. Na hapa parokiani wako wengine wanaohangaika kutafuta fedha za kumpa wakala ili nao wapelekwe. Ndiyo sababu tumeona haifai kunyamaza.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwa kuwa wengi hawajapata kuliona. Abiria wa meli ya kitalii anapolipa nauli huambiwa kwamba chumba na chakula vimo ndani ya bei. Ni kweli, upo ukumbi mkubwa wa kulia, na ipo meza ndefu ambako kila mtu hujipakulia. Lakini pembeni mwa hayo imejengwa mikahawa mingine, na aingiaye humo hutozwa upya. Baadhi yake ni ya fahari, yenye mvinyo wa bei na vitambaa vyeupe. Hiyo tuwaachie wenyewe. Tunayoizungumzia ni ile ya kawaida kabisa, ambayo mtu huingia na kaptura na ndala, akaletewa hambaga, chipsi au bakuli la tambi, akaandikiwa deni la dola kadhaa, na juu yake ada ya huduma ya asilimia 18 au 20 ambayo hakuulizwa kama anapenda kuitoa.

Mazoea haya yameingia polepole. Meli iitwayo Voyager of the Seas ilipoanza safari mwaka 1999, ilikuwa na mkahawa wa hambaga wa Johnny Rockets, wenye viti virefu na muziki wa zamani wa Kimarekani. Baadaye mlangoni ikawekwa ada isiyofika hata dola 5. Mtu angesema, ni kitu gani hicho? Leo ada ya mikahawa ya jina hilo melini imekwisha kupita dola 10. Ndivyo ilivyo desturi ya ada ndogo: huingia ikinyenyekea, kisha hukaa kama mwenye nyumba.

Tena si jambo jipya sana. Mwaka 1912 meli Titanic ilikuwa na mkahawa wa kulipia kwa abiria wa daraja la kwanza, ingawa chakula cha ukumbi mkuu kilikuwa tayari ndani ya nauli. Uliendeshwa kwa kandarasi na Mwitalia, Luigi Gatti. Wapishi na wahudumu wake, wengi wao Waitalia na Wafaransa, waliajiriwa naye, si na kampuni ya meli. Walikuwa zaidi ya sitini. Meli ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili, kati yao waliookoka ni watatu tu: makarani wawili wanawake walioshika fedha, na karani wa jikoni, Paul Maugé. Huyu aliieleza tume ya uchunguzi ya Uingereza kwamba wenzake walizuiwa wasipande sitahani. Hawakuwa abiria, wala hawakuhesabiwa sawasawa kuwa mabaharia. Walikuwa watu wa meza ya ziada. Tunawakumbusheni habari hii si kwa sababu meli za leo zinazama, bali kwa sababu swali lake halijazama: yule aletaye sahani ya ziada, ni mtu wa nani?

Sasa tuulize: abiria yule anaponunua hambaga ya ziada, ananunua nini hasa? Nyama na unga vimetoka katika maghala ya meli ile ile. Chakula cha bure kipo hatua mia moja kutoka hapo, naye anaweza kula hata ashindwe kuinuka. Anachonunua ni kutopanga foleni. Ananunua nafasi ya kukaa mbali kidogo na wale wasiolipa. Na zaidi ya yote ananunua mtu: kijana atakayesimama karibu naye, atakayekumbuka jina lake, atakayeimba akiambiwa aimbe. Bei imeandikwa juu ya hambaga, lakini kinachouzwa ni yule aliyeishika sahani.

Basi na ajabu ni hii, kwamba huyo anayeuzwa ndiye asiyejua fungu lake katika bei. Katika meli nyingi za soko la Marekani, abiria wa chumba cha kawaida hutozwa kila siku bakshishi ya dola kati ya 16 na 20, mbali na ile asilimia ya mkahawani. Fedha hizi hukusanywa na kampuni kwa jina la wahudumu. Katika tangazo nauli huonekana ndogo, na abiria hufurahi kwamba amepata bei nafuu. Kumbe sehemu ya ujira wa mfanyakazi imetolewa katika nauli na kuwekwa katika hisani yake. Asiporidhika, katika baadhi ya meli anaweza kwenda mezani kwa karani akaomba ile bakshishi ya kila siku ifutwe. Na anayepunguziwa hapo si mwenye meli.

Kijana mmoja wa jumuiya zetu, aliyerudi baada ya mkataba wa miezi tisa, alituambia kwa sauti ya utulivu kabisa: “Sikuwahi kujua mshahara wangu ni kiasi gani. Nilijua tu mwezi mzuri na mwezi mbaya.” Tulimwuliza ile ada ya mkahawani ilifika mkononi mwake kwa kiasi gani. Akacheka. Hatumtaji yeye wala kampuni yake, kwa maana anataka kurudi kazini, na sisi hatutaki kumfungia mlango.

Bakshishi ni tendo la ukarimu. Ujira ni deni la haki. Anayelipa deni lake kwa ukarimu wa mtu mwingine hajalipa. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikwisha kufundisha kwamba makubaliano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu mfanyakazi, akisukumwa na shida, ameyakubali. Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mshahara wa haki ndio kipimo cha kutambua kama mfumo mzima wa uchumi una haki. Na Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaonyesha ujira uliozuiwa ukipaza sauti wenyewe hata ukafika masikioni mwa Bwana. Hakusema mambo hayo ni ya nchi kavu tu.

Lakini nani atamshika mwenye meli? Hapa ndipo penye fumbo. Kampuni ya Royal Caribbean iliandikishwa Liberia mwaka 1985, huku makao yake yakiwa Miami. Meli za kampuni mbalimbali za kitalii hupeperusha bendera za Bahama, Panama, Bermuda au Malta, na sheria ya kazi ndani ya meli huanza na sheria ya bendera. Mtindo huu nao una historia inayohusu meza. Mwaka 1922, Marekani ilipokuwa imepiga marufuku pombe, meli mbili za abiria za Kimarekani, Reliance na Resolute, zilihamishiwa bendera ya Panama ili ziweze kuuza kileo baharini. Ndiyo kusema, bendera ya kukodi ilishonwa, kwa sehemu, ili abiria aandikiwe bili kubwa zaidi. Waliouza vinywaji walipata uhuru; waliovibeba hawakuulizwa neno.

Hata hivyo mabaharia hawakuachwa bila ulinzi wowote. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Mhudumu wa mkahawa melini ni baharia kwa mujibu wa mkataba huo, sawa na yule wa usukani. Anastahili mkataba ulioandikwa na nakala yake mkononi, nauli ya kurudishwa nyumbani, na haki ya kulalamika melini au kwa wakaguzi wa bandari bila kuadhibiwa.

Hatusemi kwamba ulinzi huo watosha. Kwa kipimo kimoja kilichoruhusiwa, mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Fanyeni hesabu wenyewe. Juma lina saa 168. Ondoeni 77, zinabaki 91. Na zile saa 10 zaweza kukatwa vipande viwili, mradi kimoja kisipungue saa sita. Anayefunga mkahawa usiku wa manane na kuamka alfajiri kupanga meza za kifungua kinywa huenda hajavunjiwa sheria yoyote. Tabasamu lile mlangoni limetoka katika usingizi wa saa sita.

Lakini kuna kifungu kimoja tunachowaomba mkishike kama mnavyoishika rozari. Mkataba huo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha baharia, na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Basi wakala anayewaambia mwuze ng'ombe, mweke rehani hati ya shamba, au mkope katika chama ili kijana “ashikiwe nafasi”, huyo anatoza kilichokatazwa. Tunajua familia ambazo mtoto alifanya kazi miezi mingi baharini akilipa kwanza deni la kwenda huko. Mkahawani abiria hulipa ziada ili ale. Na huku nyumbani mhudumu amelipa ziada ili aruhusiwe kumwandalia. Meza moja, kiingilio mara mbili.

Tunasikia majibu. La kwanza husema: halazimishwi mtu, asiyetaka mkahawa na ale cha bure. Sawa, lakini mhudumu hana ukumbi wa pili wa kuhamia. La pili husema: mnataka kuwafukuza watalii na kuwanyima vijana kazi? La hasha. Fedha zitokazo melini zimesomesha wadogo zao na kuezeka nyumba za mama zao, nasi tumebariki baadhi ya nyumba hizo. Wala hatumlaumu mzee wa Ulaya aliyetamani hambaga siku ya nne ya safari. Twasema tu kwamba bei ya kazi ya mtu iwemo katika nauli, iandikwe katika mkataba, na ijulikane kabla hajapanda ngazi. Tena asilimia ile ya huduma ielezwe waziwazi: ngapi kwa mhudumu, ngapi kwa mpishi, ngapi kwa kampuni. Kinachotozwa kwa jina la mtu hakipaswi kufichwa kwa mtu huyo.

Wauza vyakula wa Forodhani kule Unguja, na akina mama wa hapa Mombasa wanaokaanga viazi karai, nao wana neno lao. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mgeni wa meli hushuka ameshiba, na meli inayofaidi kumuuzia chakula cha jioni itamtaka awahi kurudi.

Na kabla hatujanyoosha kidole baharini zaidi, tujitazame. Katika sherehe za parokia zetu za karibuni tumeona hema la wenye kadi za bei, lililowekewa kuku na soda, na hema la wengine waliopewa pilau kwenye sahani za karatasi; na wanakwaya walioimba tangu asubuhi walikula mwisho, kilichobaki. Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilo hilo: mmoja ana njaa, mwingine amelewa, na wote wanasema wamekuja kwa karamu ya Bwana. Tume hii haikusema neno siku ile, na baadhi yetu tulikuwa katika hema la kuku.

Tunawaomba wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo walisome karatasi hili katika mkutano wa juma hili na kuwauliza wazazi wenye watoto baharini, kwa faragha, kama wana nakala ya mkataba wa mtoto. Jumapili ya Bahari, ile ya pili ya mwezi wa Julai, maombi ya waamini yawataje wahudumu na waosha vyombo, si manahodha peke yao. Utume wa Bahari, ulioanzishwa Glasgow mwaka 1920, uliwekwa kwa ajili ya watu kama hao. Na yeyote aliyemlipa wakala fedha za kutafutiwa kazi melini alete risiti yake, au kama hakupewa risiti, aje na shahidi, ofisini kwa Baba Paroko baada ya Misa ya pili. Majina hayatasomwa kanisani. Tutakwenda pamoja naye mpaka kwa wakuu wa mamlaka ya bahari.