Roboti na Hofu ya Jamii: Nani Amwogopaye Nani?

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba kiumbe cha roboti katika sanaa ni kielelezo cha hofu ya binadamu kutawaliwa na mashine. Dai hili limerudiwa mno hata likachukuliwa kuwa kaida. Makala haya yanalipinga. Hofu inayosawiriwa na viumbe hivi aghalabu ni ya binadamu kwa binadamu mwenzake.

Tuanze na chimbuko la neno lenyewe. Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920. Alipendekezewa na nduguye, Josef, kutokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya shokoa. Roboti wa Čapek hawakuundwa kwa chuma. Waliumbwa kwa mata ifananayo na ya mwili, wakatumikishwa, hatimaye wakaasi. Anayeogopwa hapo ni mtumwa, si mtambo.

Tuitazame pia Senster, sanamu ya Edward Ihnatowicz iliyoonyeshwa Eindhoven, Uholanzi, kuanzia mwaka 1970. Kiumbe hicho chenye urefu wa zaidi ya mita 4 kilikuwa na maikrofoni na rada, kikiongozwa na kompyuta. Sauti ya chini ilikivutia. Kelele na mwendo wa ghafla vilikifanya kijitenge. Hapa mashine ndiyo ilionekana kuwa na haya na woga, naye binadamu ndiye aliyetakiwa kujirekebisha ili akubaliwe. Je, nani alimtisha mwenzake?

Huenda tukajibiwa kwamba mashine haina hofu, na kwa hivyo hapana cha kuhakiki. Jibu hilo ni dhaifu. Zimwi la ngano nalo halina mwili, ilhali hakuna mwalimu wa fasihi simulizi athubutuye kusema kwamba halina maana. Maana huzaliwa baina ya fanani na hadhira.

Leo kuna Paro, kiumbe cha Kijapani chenye umbo la kinda la sili, ambacho hupewa wazee katika makao ya kuwatunzia. Kikipapaswa, hulia na kupepesa macho. Wanaokilaumu husema kwamba kitachukua nafasi ya jamaa. Swali la msingi ni kwa nini nafasi hiyo ilikuwa wazi.

Mhakiki anayekodolea macho chuma huwasamehe watu. Wajibu wetu ni kuuliza nani alimkimbia nani kabla mashine haijaletwa.